Kopos: Historia ya Neno la Taabu Chini ya Mlima Meru

Makala haya yalianza darasani. Tulikuwa tukisoma pamoja na wanafunzi Kitabu cha Yoshua sura ya 24 katika Septuaginta, yaani ile tafsiri ya kale ya Kiyunani ambayo Wayahudi walianza kuifanya huko Misri kabla ya kuja kwake Kristo. Tulipofika mstari wa 13, Bwana anawakumbusha Israeli kwamba wamepewa nchi ambayo si wao walioitokea jasho, nyumba ambazo mikono yao haikuzijenga, na mizabibu na mizeituni iliyopandwa na watu wengine. Mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa Ngare Nanyuki upande wa kaskazini-mashariki wa Mlima Meru, akainua mkono akauliza: "Mchungaji, katika mstari huu sisi tunasimama upande gani?"

Wenzake walicheka kidogo, kisha wakanyamaza. Nasi tulimjibu vibaya. Tulisema kwamba sisi tulio katika Kristo tunasimama mahali pa Israeli, tukaendelea na sarufi. Lakini kitenzi chenyewe kilichokuwa mbele yetu katika mstari ule, kopiao, hakikutuacha. Katika makala haya tunakusudia kuifuata historia ya neno hilo na jamaa zake, kisha tulisikilize tena katika nchi hii tunamofundisha, kwa kuwa tumesadiki kwamba swali la mwanafunzi yule ni swali ambalo neno lenyewe huliuliza.

Asili ya neno na jamaa zake

Nomino kopos imetokana na kitenzi kopto, maana yake kupiga au kukata. Hapo mwanzo, basi, kopos ni pigo. Euripides, katika tamthilia yake juu ya wanawake wa Troya iliyochezwa huko Athene mwaka 415 K.K., analitumia kwa mapigo ya mwombolezaji anayejipiga kifua. Kutoka hapo maana ikahamia kwenye hali ya mwili uliopigwa, yaani uchovu wa mtu ambaye viungo vyake vinauma kana kwamba amechapwa. Waganga walilipenda neno hili. Katika mkusanyiko wa mafundisho uliopewa jina la Hippokrate imeandikwa kwamba kopos inayokuja yenyewe, pasipo kazi, ni dalili ya ugonjwa. Msomaji aliyewahi kushikwa na malaria hahitaji ufafanuzi zaidi.

Kiyunani kina maneno mengine mawili yaliyo karibu na hilo. La kwanza ni ponos, ambalo lina heshima yake. Ni jitihada ya vita katika Homeri, ni kazi za Herakle, ni mazoezi magumu ambayo walimu wa falsafa waliwasifia vijana wa watu huru. Hata hivyo Hesiodo anamhesabu Ponos miongoni mwa watoto wa Ugomvi, na katika Agano Jipya, ambamo neno hili limeonekana mara nne tu, mara tatu ni maumivu (Ufunuo 16:10, 16:11 na 21:4). La pili ni mochthos, masumbufu, ambalo katika Agano Jipya halitembei peke yake. Mara zote tatu Paulo ameliandika ubavuni mwa kopos (2 Wakorintho 11:27, 1 Wathesalonike 2:9, 2 Wathesalonike 3:8). Mbali na hayo yote liko ergon, kazi au tendo, yaani kile kilichofanyika na kinachoweza kuonekana. Kopos si kile kilichofanyika. Ni kile kilichomgharimu mfanyaji. Tofauti hii inaonekana wazi katika Ufunuo 14:13, ambapo waliokufa katika Bwana wanapumzishwa kutoka katika kopoi zao, bali erga zao zinafuatana nao. Uchovu unabaki kaburini, matendo yanavuka.

Jamaa za neno hili ni wengi na baadhi yao wanashangaza. Kumpa mtu kopos ni kumsumbua, kama yule rafiki abishaye hodi usiku wa manane (Luka 11:7), au kama wale waliomkemea mwanamke aliyempaka Bwana marhamu (Marko 14:6). Kivumishi eukopos, chenye kiambishi cha wema mbele yake, ni kitu ambacho taabu yake ni nyepesi, na kwa hiyo "rahisi". Ndilo neno alilolitumia Bwana aliposema juu ya ngamia na tundu la sindano. Limeonekana mara saba katika Injili, na kila mara katika ulinganisho, kipi ni rahisi kuliko kipi. Liko pia kopiatai, ambalo kanisa la karne ya 4 lililitumia kwa wachimbaji wa makaburi. Sheria za Kaisari Konstantio zinawataja kwa jina hilo watumishi hao wa mwisho kabisa katika orodha ya kanisa, wenye majembe. Tutawarudia.

Kopos limeandikwa mara 18 katika Agano Jipya, na kitenzi kopiao mara 23. Msomaji wa Kiswahili hawezi kuligundua hilo kwa urahisi, kwa kuwa watafsiri wa Biblia yetu ya Muungano ya mwaka 1952 walimgawa mtu huyu mmoja katika sura nyingi. Nomino mara nyingi wameiita taabu, nasi tunawashukuru, maana neno hilo la asili ya Kiarabu limebeba uchovu na adha kwa pamoja. Lakini kitenzi kimekuwa kutaabika mahali hapa, kusumbuka mahali pale (Mathayo 11:28), kuchoka kwenye kisima cha Yakobo (Yohana 4:6), na kufanya kazi kwa habari ya maua ya mashamba (Mathayo 6:28). Hatuwalaumu. Kila chaguo ni sahihi mahali pake. Hasara ni kwamba yule anayewaita wenye kopos waje kwake wapumzike hasikiki tena kuwa ndiye aliyeketi kisimani akiwa na kopos yake mwenyewe. Binafsi tungalitamani neno sulubu lingepewa nafasi walau mara moja, kama tunavyosema kazi ya sulubu. Herufi zake tatu za Kiarabu ni zile zile za neno kusulubisha, na sikio la Mkristo lingeshtuka kidogo, jambo ambalo si baya.

Swali linaloambatana na kopos

Tulipozikusanya aya za Septuaginta tuliona jambo ambalo hatukulitazamia. Mateso ya Israeli chini ya wasimamizi wa Farao yameandikwa kwa ponos (Kutoka 2:11) na kwa mochthos (Kumbukumbu la Torati 26:7). Lakini panapoulizwa matunda ya jasho ni ya nani, hapo mara nyingi huja kopos na kopiao. Ndivyo ilivyo katika Yoshua 24:13. Ndivyo ilivyo katika Isaya 49:4, ambapo Mtumishi wa Bwana analalamika kwamba ametaabika bure. Na katika Isaya 65:21-23 nabii anaona siku ambayo watu watajenga na kukaa wao wenyewe, watapanda na kula wao wenyewe, wala mwingine hataingia katika nyumba zao. Na hapo Septuaginta inasema kwamba wateule hawatataabika kwa ubatili.

Jambo hili linabadilisha usomaji wa Paulo. Anapowaambia Wakorintho kwamba taabu yao si bure (1 Wakorintho 15:58), au anapohofia mbele ya Wafilipi kwamba ametaabika bure (Wafilipi 2:16), tumezoea kumsikia kama mchungaji anayewatia moyo waliochoka. Ni kweli, lakini ni zaidi ya hapo. Ameyachukua maneno ya Isaya. "Bure" si kukata tamaa tu, ni kunyang'anywa. Ni mtu aliyejenga na mwingine akalala ndani. Kwa hiyo ahadi ya ufufuo mwishoni mwa sura ile ya 15 ni ahadi kwamba mauti, mnyang'anyi mkuu, hatakula matunda ya watu wa Mungu.

Adolf von Harnack, katika makala yake ya mwaka 1928 juu ya neno hili, alionyesha jinsi Wakristo wa kwanza walivyolifanya kopos kuwa neno la utumishi wa kanisa. Paulo ndiye chanzo, naye alilijua kwa mikono. Alikuwa mshona mahema (Matendo 18:3), na anapowaandikia Wathesalonike juu ya taabu ya usiku na mchana hasemi kwa mfano. Watu waungwana wa miji ya Kiyunani waliidharau kazi ya mikono kuwa ni ya watumwa. Yeye akalitwaa neno la mgongo unaouma, akawapa kama nishani wanawake wanne wa Rumi: Mariamu, Trifaina, Trifosa na Persisi (Warumi 16:6, 12). Hakueleza walifanya nini. Alisema tu kwamba walitaabika. Na alipowaagiza Wathesalonike wawatambue viongozi wao, sifa ya kwanza aliyoitaja haikuwa cheo, bali kutaabika kati yao (1 Wathesalonike 5:12). Tunaomba wanafunzi wetu wanaongojea kubarikiwa wausome mstari huo kabla ya kuuliza watapangiwa usharika gani.

Lakini aya iliyotushika zaidi ni 2 Timotheo 2:6, kwamba mkulima mwenye kopos ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kupokea sehemu ya matunda. Tuliyasoma maneno hayo mara nyingi katika maombi ya asubuhi bila kuinua macho kuutazama mlima.

Chini ya mlima

Wameru wamelima migomba na kuchimba mifereji katika miteremko ya kusini-mashariki ya mlima huu kwa karne kadhaa. Waarusha walikuja upande wa kusini-magharibi katika karne ya 19, wakajifunza migomba pia. Nchi hii nzuri ilifanywa kuwa nzuri na watu. Asiyejua hilo na auangalie mfereji mmoja jinsi unavyoshuka kutoka kijito hadi shamba la mwisho, halafu afikiri ni vizazi vingapi vimeuzibua kila mwaka.

Injili ilifika hapa katika hali ambayo yatupasa kuikumbuka kwa unyenyekevu. Mwezi Oktoba 1896 Wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walifika Akeri kutoka Machame, ambako misheni yao ilikuwa imeanza mwaka 1893. Wakati huo huo kikosi cha Kapteni Johannes kilikuwa kimepiga kambi si mbali nao. Mashujaa wa Meru na Arusha hawakuona sababu ya kuwatofautisha wageni wenye Biblia na wageni wenye bunduki, na alfajiri ya tarehe 20 Oktoba wakawaua wamisionari hao. Waliuawa pia Wachaga waliofuatana nao. Adhabu iliyokuja baadaye ilikuwa kali: nyumba zilichomwa, migomba ilikatwa, ng'ombe walitekwa kwa wingi. Migomba ile ilikuwa kopos ya miaka mingi, ikaangushwa kwa siku chache.

Kisha ikaja Boma ya Arusha, ambayo tangu mwaka 1987 ni jumba la makumbusho ya elimu ya viumbe. Ilijengwa na watawala wa Kijerumani hapo mwaka 1899 na 1900 kwa mikono ya Waarusha na Wameru waliolazimishwa. Mji wote huu, ambao mwaka 2006 ulipewa hadhi ya jiji, ulikua kuuzunguka ukuta uliojengwa kwa kazi ya shuruti. Ni mara chache mgeni anayelipiga picha jengo lile hufikiri juu ya mabega yaliyobeba mawe yake. Tungekuwa na haki ya kuiita kazi ile kopos? Kwa maana ya mwili, ndiyo. Kwa maana ya Paulo, ambaye katika 1 Wathesalonike 1:3 ameifunga kopos na upendo, sivyo. Hapa tunataka kuwa wazi, kwa sababu tumewahi kusikia mahubiri yanayosifu taabu yoyote ile, kana kwamba mgongo uliopinda ni sadaka hata kama aliyeupinda ni msimamizi mwenye kiboko. Kutoka 2 haisemi hivyo. Mungu aliiona ponos ya Israeli akashuka kuwatoa, hakushuka kuibariki.

Misheni ilirudi mwaka 1902 huko Nkoaranga, na mwaka 1904 huko Ilboru. Miaka hiyo hiyo serikali iligawa ardhi ya chini na ya kaskazini kwa walowezi, miongoni mwao Makaburu waliotoka Afrika Kusini baada ya vita vyao na Waingereza, hata mashamba ya wageni yakauzunguka mlima kama mkanda. Wenyeji walibanwa juu, kati ya msitu na mashamba hayo. Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza hawakuufungua mkanda ule. Waliukaza.

Ndipo tunapofika Ngare Nanyuki. Serikali ilikubali ushauri wa Tume ya Wilson, iliyokuwa imeundwa kuchunguza ardhi ya Arusha na Moshi, kwamba eneo hilo litengwe kwa wafugaji wa Kizungu. Mwezi Novemba 1951 ilianza kuwahamisha Wameru wapatao 3,000. Nyumba zilichomwa. Watu walipewa ardhi ya Kingori badala yake, nao wengi wakaikataa. Watu waliojenga hawakukaa, na waliopanda hawakula. Isaya 65 iligeuzwa juu chini katika muda wa majuma machache, na waliofanya hivyo walikuwa watumishi wa serikali iliyojihesabu kuwa ya Kikristo.

Wameru hawakunyamaza. Walichangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, alikwenda New York kuyanena mambo hayo mbele ya Umoja wa Mataifa. Mwishoni mwa mwaka huo azimio la kuwatetea lilipigiwa kura katika Baraza Kuu lakini halikupata theluthi mbili zilizohitajika. Wengi wameandika kwamba safari ile iliwaamsha Watanganyika kisiasa, nasi hatuna shaka. Kwa mwanafunzi wa Maandiko, hata hivyo, kuna jambo jingine la kutazama. Hoja kuu ya Wameru haikuwa kwamba wao ni maskini na wahurumiwe. Walisema nchi ile ni yao, wamekaa humo na kuilima. Ni hoja ya 2 Timotheo 2:6, kwamba mwenye kopos ndiye wa kwanza.

Upande gani?

Basi twarudi kwa mwanafunzi wetu. Mzaliwa wa Ngare Nanyuki anayesoma Yoshua 24:13 anayajua mashamba yale kutoka upande wa waliofukuzwa. Yatupasa kukiri hivyo bila kukimbilia maana ya kiroho. Lakini mstari wenyewe, ukisomwa polepole, uko upande wake kuliko tulivyodhani siku ile. Bwana hawasifu Israeli kwa kula wasichopanda. Anawakumbusha, ili wasije wakasema ni mikono yao iliyofanya. Nchi ina kumbukumbu ya kopos ya watu wengine, na Mungu ndiye anayeitunza kumbukumbu hiyo mbele ya uso wa wale wanaokula. Mlowezi wa mwaka 1951 aliyeusoma mstari huu katika Biblia yake, kama aliusoma, hakupewa hati ya shamba humo. Alipewa shahidi dhidi yake.

Mstari huo ndio unaosikika nyuma ya Yohana 4:38. Wanafunzi wanatumwa kuvuna wasichokitaabikia. Wengine walitaabika, nao wanaingia katika kopos yao. Katika sherehe za yubilei za sharika zetu mstari huu husomwa mara nyingi, na "wengine" hao huelezwa kuwa ni wamisionari. Si kosa. Ovir alikuwa na umri wa miaka ya ishirini tu, na hakuna atakayemnyima heshima yake. Lakini Yohana anaanza habari hii na mtu aliyechoka kisimani saa sita, na aliyechota maji pale ni mwanamke. Wengine waliotaabika katika Meru ni wengi: Wachaga waliokufa Akeri, wapagazi waliobeba mizigo ya misheni kutoka Moshi, wanawake waliobeba maji na mawe ya makanisa, wainjilisti waliotembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji kwa posho isiyotosha sabuni. Hao wa mwisho wako hata leo, nasi viongozi wa Kanisa tunakula matunda yao kwanza, kinyume cha mkulima wa Timotheo. Tunasema hivi tukijihesabu miongoni mwao.

Makaburi ya Akeri yanatembelewa na wageni wengi, nasi huwapeleka wanafunzi kila tunapoweza. Wanasoma majina mawili. Safari iliyopita tuliwaambia habari za wale kopiatai wa karne ya 4, wachimbaji waliobeba jina la taabu yenyewe, na mwanafunzi yule wa Ngare Nanyuki, ambaye sasa yuko mwaka wa mwisho, akauliza ni nani walioyachimba makaburi haya. Tulisimama pale kwa muda, kisha mvua ikaanza kushuka kutoka mlimani, tukakimbilia garini.